Mtoto Aliyesikiliza Kimya

Kwanza kabisa, wanangu, ile saa ya kupimia muda iondoeni mezani. Ishikeni mkononi, ificheni pajani, itieni mfukoni, mtajua wenyewe, lakini mtoto asiione. Mtoto akiiona saa anaacha kuwaza swali, anaanza kuwaza saa. Nimewaona ninyi vijana wa siku hizi: mnaiweka katikati ya meza inang'aa kama sambaza, dagaa wa kwetu, waliotoka ziwani sasa hivi, halafu mnaandika kwamba mtoto "ana mwendo wa pole". Hata mimi mngeniandika hivyohivyo.

Nimestaafu. Naishi Katoyi, hapahapa Goma, nina kuku wachache na magoti yanayotabiri mvua, na mara kwa mara mmoja wenu anapiga hodi: "Mama Philo, kuna mtoto ametushinda, tumfanyeje?" Nawakaribisha, nawapa chai, nawajibu. Lakini nimechoka kurudia maneno yaleyale huku chai inapoa, kwa hiyo nimeamua kuyaandika, na msinicheke mwandiko.

Kwa wale ambao hawajui kazi hii, nilikuwa mpimaji wa akili za watoto. Shule ikisema mtoto haelewi, analetwa kwenye vyumba vyetu viwili pale Himbi. Tunakaa naye asubuhi nzima. Tunaangalia anakumbukaje, anasikilizaje, anapangaje mawazo yake, anachoka wapi. Tunampa vipande vya mbao vya rangi avipange kama kwenye picha, tunamtajia namba azirudie, tunamwonyesha michoro atuambie imepungukiwa nini. Mwishoni tunaandika karatasi moja, na shule inaiamini karatasi hiyo kuliko inavyomwamini mama aliyemzaa. Hapo ndipo penye hatari ya kazi yetu. Watu wa mtaa waliniita daktari wa vichwa, na jirani mmoja aliwahi kuniletea kichwa chake kinachomuuma kwa kweli, nikampa kidonge na kumpeleka zahanati.

Aliyenifundisha ni Papa Deo. Alitoka upande wa Bukavu kama ukoo wetu, Mkatoliki wa kusali rozari kati ya mtoto mmoja na mwingine, mtu mfupi mwenye kicheko kirefu. Sanduku letu la vipimo lilitoka Ulaya zamani, na ndani yake mlikuwa na farasi wa mbao aliyekatwa vipande, mtoto amuunganishe. Farasi! Watoto wetu wanajua ng'ombe wa Masisi, wanajua mbuzi wa jirani anayekula nguo kambani. Farasi wamemwona kanisani tu, kwenye picha ya Mtakatifu Martini. Papa Deo akamfungia farasi kabatini, akamwomba seremala amchongee chukudu badala yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio inayobeba magunia ya makaa mjini mwetu. Akaikata vipande sita. Mtoto wa kwanza kupewa aliiunganisha kabla sijavuta pumzi, kisha akaitazama kwa kichwa upande, hakuridhika.

"Papa," akasema, "hii chukudu itaua mutu."

Gurudumu la mbele, kumbe, seremala alikuwa amelikalisha vibaya. Papa Deo alicheka mpaka akavua miwani. Alimpa mtoto alama zote, kisha akamrudishia seremala kazi yake.

Kwa Papa Deo nilijifunza kutomuuliza mtoto "unajua lugha gani?" Ukimuuliza hivyo atakujibu Kifaransa, kwa heshima ya ofisi, halafu mtahangaika wote wawili. Uliza kwao wanagombana kwa lugha gani, maana ugomvi haungoji tafsiri. Kuna kijana alinijibu, "Mama anagombana mu Kinande, papa ananyamaza mu Kifaransa." Nilimpima kwa Kinande, na baba yake nilimsalimia kwa Kifaransa.

Na msiwe wepesi kuandika "kosa". Kulikuwa na mchoro wa mtoto amelala kitandani, na kitanda kimekosa mguu mmoja. Ukimwonyesha mtoto wa hapa, ataangalia, ataangalia tena, atasema, "Kunakosa bengine. Atalala yeye moja?" Kitabu kinasema hilo ni kosa. Nilikuwa naandika kosa kama kitabu kinavyotaka, na pembeni naandika kwamba huyu ana akili timamu na ndugu wengi.

Kuhusu mitetemeko sitasema mengi, ninyi ni watu wa Goma. Mlima ukianza kutikisa meza katikati ya kipimo, futa muda, usiuhesabu. Siku moja nilishika meza kwa mikono miwili nikimwita Bikira Maria, na mtoto mbele yangu ameshika mnara wake wa vipande usianguke. Akaniambia taratibu, kama yeye ndiye mtu mzima, "Ngoja ipite, Madame. Inapitaka tu." Ikapita, akaendelea. Mimi ndiye niliyehitaji maji.

Sasa mna tablet. Ni nzuri, sizikatai. Zinahesabu zenyewe na hazipotezi vipande. Lakini tablet haioni miguu ya mtoto chini ya meza, na miguu inasema mengi. Mtoto aliyeelewa anaikunja miguu. Mtoto anayetaka kwenda haja anaifinya, na hapo acheni kupima, mpelekeni chooni, mmeshachelewa. Na mtoto ambaye miguu yake imeelekea mlangoni ilhali uso wake umekuelekea wewe, huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia. Mengine yote mngeweza kuyasoma wenyewe kwenye vitabu.

Aliitwa Solange. Alikuwa na miaka tisa. Mama yake alimleta, mama mwembamba wa familia ya Kinyarwanda kutoka upande wa Rutshuru, iliyokimbilia mjini wakati vita vilipoifikia. Solange alikuwa amerudia darasa la pili, na sasa alikuwa anashindwa tena. Shule yake ilikuwa na sheria moja kali: mtoto akirudia na kushindwa tena, anatoka. Mkuu wa shule alikuwa amekubali jambo moja tu, aletwe kwetu kwanza, tuseme kama akili yake inaweza kubeba darasa la tatu au haiwezi.

"Madame, huyu mutoto haiko na kichwa muzito," mama yake aliniambia kabla hata ya kukaa. "Nyumbani anafanya kila kintu. Ila ku masomo anakuwa sawa vile mutu haiko. Wakimufukuza, nani atamupokea tena? Atabaki kulea batoto mpaka aolewe."

Nilimuuliza Solange wanagombana kwa lugha gani. Akafikiri kidogo, akasema anagombana kwa Kiswahili, kwa kuwa watoto wa jirani ndio anaogombana nao. Jibu la mtu mwenye akili, nikajisemea. Nikamshika begani, nikamwingiza chumbani.

Mama yake alibaki kwenye korido na mdogo wake Solange, Baraka, mtoto wa miaka miwili mwenye mashavu na fujo. Baraka alikuwa amepata kifuniko cha sufuria, sijui kutoka wapi, na alikuwa anakipiga sakafuni kama padri ameanzisha misa ya ngoma. Tukaanza kazi katika kelele hizo. Solange aliendelea hivi na hivi: anapata, anakosa, anapata. Nikasikitika kwamba kelele zinamharibia mtoto nafasi yake. Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni chumba tulivu. Nikatoka, nikamwomba mama kwa adabu ampeleke mtoto bustanini, kule karibu na geti. Nikafunga mlango. Nikafunga na dirisha. Kukawa kimya kama kanisani kabla ya misa, nami nikafurahi.

Hapo ndipo Solange alipoanguka. Aliyekuwa akinirudishia namba tano sasa hakuweza mbili.

"Tatu, saba," nikasema.

"Tatu," akasema. Kisha macho yake yakaenda mlangoni. "Tatu..."

Nikampa vipande vya mbao, akavishika bila kuvitazama. Nikaongeza upole wa sauti, nikamwambia achukue nafasi yake, tuna siku nzima. Haikusaidia. Wanangu, mtoto akishatoka chumbani mwili wake ukabaki kitini, fungeni sanduku. Kipimo mnachoendelea nacho hapo kinapima kiti. Nikafunga sanduku, nikamwambia amefanya vizuri, aje tena keshokutwa.

Papa Deo wakati huo alikuwa ameshastaafu, na macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, lakini alikuwa bado anakuja ofisini kwa mazoea, anakunywa chai yetu na kutusumbua. Nilimsomea majibu ya Solange moja baada ya jingine. Alikuwa anasikiliza huku amefumba macho.

"Rudia ile ya vipande," akasema. Nikarudia. Akatikisa kichwa.

"Philo, mutoto muzito anapanda ngazi mpaka fasi nguvu inaisha, anasimama. Huyu anaruka ngazi ya chini, anakamata ya juu. Anakosa mepesi, anapata magumu. Haiko muzito. Haiko hapa tu. Tafuta fasi iko."

"Mahali gani, Papa?"

"Mi nitajua wapi? Macho yangu imekwisha. Ni wewe uko na macho."

Alikuwa na tabia hiyo, ya kukusaidia kisha kukutupia mzigo wako mwenyewe.

Siku ya pili sikumtoa mtu. Nilimwambia mama akae koridoni na Baraka, na nikaacha mlango wazi kidogo. Baraka alikuja na nguvu mpya. Alikuwa anaimba, anapiga, anabishana na kifuniko chake. Nami nikawa natazama badala ya kupima. Baraka akipiga kelele, Solange anapanga vipande vyake kwa haraka na kwa usafi, mikono yake myepesi. Baraka akinyamaza, labda mama amempa ndizi, mikono ya Solange inasimama hewani. Uso wake unabaki kwangu kwa heshima, lakini miguu yake chini ya meza inageuka yote miwili kuelekea mlangoni. Kifuniko kikilia tena, anashusha pumzi na kuendelea.

Nilidhani nimeota. Nikangoja kimya kingine, kikaja, ikawa vilevile. Kwa watoto wote niliowahi kuwapima, kelele ndiyo iliyowaiba. Huyu alikuwa anaibwa na kimya. Na sisi, pamoja na mwalimu wake ambaye bila shaka aliwanyamazisha watoto darasani kabla ya kuuliza swali, tulikuwa tunamtengenezea kimya kwa juhudi zetu zote ili tumsaidie.

Nikampa Solange karatasi ya kuchora, nikatoka kukaa kwenye benchi la koridoni na mama yake. Nikamuuliza kuhusu Baraka. Sikumuuliza kuhusu Solange.

"Baraka nilimuzaa kwa kupasuliwa," alisema. "Haikupita siku mingi, tukakimbia. Kidonda ingali mubichi. Singeweza kumufunga ku mugongo, na baba yao alikuwa nyuma na ng'ombe. Ndiyo nikamufunga ku mugongo ya dada yake."

"Solange alikuwa na miaka mingapi?"

"Saba. Na Baraka alikuwa mugonjwa ya kifua, Madame. Batu mingi ku njia, mvua, mi natembea nyuma nimeshika tumbo. Nikamwambia: 'Solange, sikiliza mutoto. Akilia, haina neno, tembea tu. Akinyamaza, unistue.'"

Alimfuta Baraka pua kwa pembe ya kitenge.

"Akatembea vile mpaka tukafika huku. Akinyamaza kidogo tu, ananishika nguo: 'Mama, amenyamaza.' Ninaangalia, ninamwambia analala, twende. Alifanya kazi sawa mutu mukubwa."

Nilimuuliza, "Na kazi ile, ulimwambia lini kama imeisha?"

"Kazi gani, Madame?"

Kisha akanielewa. Aliweka mkono mdomoni, akageuka kuutazama mlango uliokuwa wazi kidogo, na mimi nikamshika goti. Miaka miwili mtoto yule alikuwa bado yuko njiani kwenye mvua, anasikiliza pumzi za mdogo wake kupitia kuta za shule. Ni akili gani ingebaki ya kurudia namba? Nililia pale kwenye benchi, na Baraka akaacha kifuniko chake kunitazama, na chumbani nikasikia kiti cha Solange kinasogea.

Mimi ni kitinda mimba. Sikuwahi kumbeba mtu, nilibebwa. Dada yangu mkubwa, nilipomsimulia jioni, hakushangaa hata kidogo. Alisema mgongo wake bado unanikumbuka, na kwamba ningeuliza mapema ningeokoa muda wa serikali.

Tukajaribu kitu. Baraka alifungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa Solange, nikamkaribisha mezani hivyohivyo. Angalizo, kabla hamjaniiga: kanuni zinasema mtoto apimwe peke yake, na kanuni zina sababu zake. Sikuandika alama hata moja siku ile. Nilikuwa naangalia tu. Lakini mngemwona! Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, anayumba kidogo kushoto kulia kama wafanyavyo walezi, mkono wa kushoto unapapasa makalio ya Baraka, wa kulia unajenga. Nilimpa michoro ya umri wake, akaimaliza. Nikampa ya watoto wakubwa, akaitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaijenga. Baraka alilala usingizi mzito mgongoni mwake, kimya kabisa, na kimya hicho hakikumgusa, kwa kuwa alikuwa anazisikia pumzi kwa ngozi yake.

Nikamwita mkuu wa shule. Nilijua nimeshinda. Alikuja na tai yake, mtu mwema, mchovu, akasikiliza habari yote na hata akakohoa ili nisione macho yake. Kisha akasema:

"Madame Philo, nimeelewa. Lakini mu kalasi yangu batoto wanakaa batatu ku kiti ya babili. Huyu mudogo nitamuweka wapi? Na kesho keshokutwa akikomaa, dada yake atabeba nani?"

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliniacha nimalize, akaniambia kwamba proklamasio, siku ile ya kusomea wazazi majina ya waliopita, inakaribia, na kwamba akiona kwa macho yake Solange akifanya kazi peke yake kabla ya siku hiyo, atamweka darasa la tatu. Asipoona, sheria ni sheria. Akaondoka. Baada ya hasira kupoa nikajua alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimepata mahali Solange alipo, kama Papa Deo alivyonituma, lakini kumpata mtu si kumrudisha.

Mama yake alisema, "Nilishamwambia mara mingi, acha kuwaza huyo mutoto! Nilimuchapa hata."

Nikamwambia atazame masentineri wanaolinda mageti ya Himbi. Ukimpigia sentineri kelele aache kulinda, ataona umechanganyikiwa, atakaza macho zaidi. Anaondoka akiwa na amani pale mwenzake anapofika, akamsalimia, akapokea. Solange alikuwa amekatazwa, amechapwa, amechekwa. Hakuna aliyekuja kupokea zamu.

Asubuhi ya siku tuliyopanga, mkuu wa shule akiwa ameshaketi ndani, mama aliomba dakika moja koridoni. Nilisimama mlangoni nikijifanya natafuta kalamu. Solange alikuja amembeba Baraka, kama kawaida. Mama yake akapiga magoti, yule mama mwembamba, kwenye sementi, akawa sawa na binti yake kwa urefu.

"Solange," akasema, "unakumbuka ile siku ya mvua? Nilikupatia mutoto."

Solange akaitikia kwa kichwa.

"Tulishafika. Ulimufikisha muzima. Aksanti sana, mama yangu." Alimwita hivyo, mama yangu, kama tunavyowaita mabinti tunapowapenda kupita maneno. "Sasa unipe yeye. Ni mi nitasikiliza."

Solange hakusogea. Alikuwa ameshika fundo la kitenge kifuani kwa mikono miwili.

"Hata akinyamaza?"

"Hata akinyamaza."

Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kama mkopaji atalipa. Kisha akalegeza fundo mwenyewe. Mama akampokea Baraka, akamzungushia kitenge, akamfunga mgongoni pake, kidonda cha tumbo kikiwa kimepona zamani sana, na akasimama akiyumba kidogo kushoto kulia. Solange alizunguka nyuma yake kukagua kama miguu ya mtoto imekaa vizuri. Akarekebisha mmoja. Akaingia chumbani.

Kwa kawaida hakuna mtu wa tatu wakati wa kipimo, msije mkasema Mama Philo aliruhusu. Mkuu wa shule nilimkalisha pembeni, nyuma ya Solange, na nikamwonya asikohoe. Tukaanza na namba. Baraka alikuwa anaongea koridoni, maneno yake ya watoto, na mama anamjibu. Solange alipata tatu, akapata nne, akapata tano. Nikampa vipande vya mbao. Nilikuwa nimefurahi kidogo na nimeogopa sana, maana kelele hazikuwa mtihani. Nilikuwa nangoja kile kingine.

Kikaja. Baraka alinyamaza. Labda alilala, labda alitiwa kitu kinywani, sijui mpaka leo. Nyumba nzima ilitulia. Mkono wa Solange ukasimama hewani na kipande chekundu. Niliinama kidogo nikaiona miguu yake, ikiwa imeanza kugeuka, kwanza wa kulia, na wa kushoto ukiufuata. Nilimwomba Mungu kwa lugha ya nyumbani, Kimashi, ambayo siitumii ofisini.

Solange aliinua uso, akasikiliza. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kunieleza tu jambo ambalo pengine silijui:

"Mama iko naye."

Akairudisha miguu yake chini ya kiti, akaikunja, akaweka kipande chekundu mahali pake, akachukua kingine.

Nyuma yake mkuu wa shule alikuwa amesimama bila kujua, tai imempinda. Akaja kwa ncha za vidole mpaka karibu na sikio langu.

"Madame, inatosha," alininong'oneza. "Nimeona. Namuchukua, atapanda."

Nikamwashiria mlango.

"Nyamaza kwanza, Direktere," nikamwambia. "Mutoto anawaza."